Mabega bandia yaongezeka kwa kasi, ila daftari ndilo litakaloonyesha faida

MTU hutambua thamani ya bega siku linapokataa kuinuka. Kuchana nywele, kuvaa shati, kujifunga leso, kutoa sufuria kwenye rafu au kushika chuma ndani ya matatu ni mambo ambayo hakuna anayeyafikiria hadi yanapomshinda. Usiku nao hugeuka kuwa adhabu, kwani bega lililoharibika humnyima mgonjwa usingizi kila anapojigeuza kitandani.

Kwa miaka mingi kilio cha bega kimesikika nyuma ya kile cha nyonga na goti. Nyonga ikiharibika, mtu hushindwa kutembea na jamaa zake wakashtuka. Bega likiharibika, huambiwa atumie mkono wa pili na avumilie.

Katika mataifa tajiri, hali hiyo imebadilika mno. Upasuaji wa kuondoa kiungo cha bega kilichoharibika na kuweka cha bandia, ambao kizazi kimoja kilichopita ulikuwa kazi ya madaktari wachache, sasa ni jambo la kawaida.

Nchini Marekani, upasuaji wa aina hiyo ulikadiriwa kuwa takriban 47,000 mwaka 2008. Kufikia 2012 ulikuwa umepita 64,000, na mwaka 2017 ukafika takriban 108,000. Mataifa ya Ulaya pamoja na Australia yameshuhudia mwelekeo uo huo, japo kwa viwango tofauti.

Takwimu hizi zaweza kusomwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba tiba imepata ufumbuzi wa maumivu ambayo zamani hayakuwa na dawa. Ya pili ni kwamba kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya wagonjwa wachache kimepata soko pana kuliko ilivyokusudiwa. Kila moja ina ukweli wake, na kuhesabu upasuaji peke yake hakuwezi kuonyesha ni ipi iliyo nzito zaidi. Linaloweza kuonyesha ni kumfuatilia mgonjwa kwa miaka mingi baada ya kutoka hospitalini.

Hapo ndipo suala hili linapoihusu Kenya, ambako mfumo wa bima ya afya umebadilishwa, idadi ya wazee inapanda na ajali za barabarani huwajeruhi vijana kila uchao. Upasuaji huu utazidi kuhitajika. Swali ni iwapo utakuja pamoja na utaratibu wa kujua nani alinufaika na nani aliumia.

Safari iliyoanza 1893

Historia ya bega bandia ilianza na kifua kikuu. Mwaka 1893, jijini Paris, daktari wa upasuaji Mfaransa Jules-Émile Péan alipokea mgonjwa wa miaka 37 ambaye ugonjwa huo ulikuwa umeula mfupa wa bega lake. Wakati huo, wengi wa wagonjwa wa namna hiyo walikatwa mkono.

Péan alimwomba daktari wa meno, J. Porter Michaels, amtengenezee kiungo cha chuma cha platini chenye kichwa cha mpira uliochemshwa katika mafuta ya taa ya nta ili ukakamae. Kiungo hicho kilitiwa mwilini na mgonjwa akapata nafuu ya kutumia mkono wake.

Hata hivyo, kifua kikuu hakikuwa kimetokomezwa, kwa sababu dawa za kukitibu hazikuwa zimegunduliwa. Usaha ulizidi kutoka na baada ya takriban miaka miwili Péan akalazimika kukiondoa kiungo hicho. Funzo lililobaki ni kwamba chuma kinaweza kukaa mwilini, lakini maambukizi yakikaa nacho, kazi yote huharibika. Funzo hilo lingali na uzito hadi leo.

Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya hatua kubwa ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Daktari Charles Neer wa jijini New York alianza kutumia kichwa cha chuma kuwatibu watu ambao ncha ya juu ya mfupa wa mkono ilikuwa imevunjika vipande vipande. Alitoa ripoti ya kazi hiyo mwaka 1955.

Mwaka 1974 Neer alieleza jinsi alivyotumia kiungo hicho kwa wagonjwa ambao mabega yao hayakuvunjika ila yalikuwa yamesagika. Katika muongo huo huo akaongeza kisahani cha plastiki ngumu upande wa pili wa kiungo, na bega bandia kamili likawa limepatikana.

Ili kufahamu kwa nini kazi ya Neer haikutosha, ni sharti kutazama umbo la bega lenyewe. Nyonga ni kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mfupa kimezama ndani ya tundu lenye kina, na hakichomoki kwa urahisi. Bega ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kikombe cha kahawa. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kisahani kilicho kwenye kombe la bega ni kidogo na hakina kina.

Umbo hilo ndilo linalouwezesha mkono kuzunguka pande zote kuliko kiungo kingine chochote mwilini. Gharama yake ni kwamba chungwa hilo halitulii pale bila kushikiliwa. Kazi ya kulishikilia hufanywa na kano za misuli minne inayolizunguka bega.

Kano hizo huchakaa na kukatika kadiri umri unavyosonga. Zikikatika kabisa, kichwa cha mfupa hupanda juu kila mtu anapojaribu kuinua mkono, na mkono hauinuki. Bega bandia la Neer lilifuata umbo la asili, hivyo lilihitaji kano zilizo hai. Kwa wazee waliopoteza kano hizo, chuma kipya kilipunguza maumivu lakini mara nyingi hakikurejesha nguvu ya mkono.

Mfaransa aligeuza mpangilio

Suluhisho lilitoka tena Ufaransa. Mwaka 1985, katika mji wa Dijon, Daktari Paul Grammont aliubadilisha mpangilio wa maumbile. Aliuweka mpira kwenye kombe la bega na kisahani akakihamishia juu ya mfupa wa mkono. Kwa sababu hiyo kifaa chake kikaitwa bega la kinyume.

Fikra hiyo haikuwa mpya. Katika miaka ya 1970 madaktari kadhaa, akiwemo Neer mwenyewe, walijaribu kugeuza bega kwa namna hiyo kisha wakaachana nayo, kwa kuwa viungo vilivyotengenezwa vililegea na kung'oka kwenye kombe la bega.

Tofauti ya Grammont ilikuwa katika hesabu ya nguvu. Alikisogeza kitovu cha mzunguko ndani zaidi na chini zaidi, hivyo mvuto uliokuwa ukiking'oa kiungo ukapungua. Papo hapo, msuli mkubwa unaolifunika bega kwa nje ukapata mvuto wa kutosha kuuinua mkono bila msaada wa kano zilizokatika. Mzee aliyekuwa ameshindwa kuufikisha mkono kinywani aliweza tena kujilisha.

Toleo lililoboreshwa lilianza kutumika Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Marekani iliidhinisha kifaa hicho mwaka 2003. Mwanzoni ushauri ulikuwa wazi: kiwekwe kwa mtu mwenye umri mkubwa, aghalabu aliyepita miaka 70, ambaye kano zake zimekatika na bega lake limesagika.

Mlango uliofunguliwa kwa wazee hao haukubaki mwembamba. Bega la kinyume lilianza kutumiwa kwa mifupa iliyovunjika vibaya, kwa mabega bandia ya awali yaliyoshindwa, kwa wagonjwa wa uvimbe wa mfupa, na hatimaye hata kwa watu ambao kano zao hazijakatika.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za Marekani. Kati ya 2012 na 2017, mabega ya kinyume yalipanda kutoka takriban 22,800 hadi 62,700 kwa mwaka. Mabega bandia yanayofuata umbo la asili yalipanda pia, kutoka takriban 29,700 hadi 40,700. Upasuaji wa kubadilisha upande mmoja tu wa kiungo, ambao ndio uliotangulia katika enzi ya Neer, ulishuka kutoka takriban 11,700 hadi 4,900.

Maana yake ni kwamba hakukuwa na ongezeko la jumla katika kila aina ya tiba. Kifaa kimoja kilipiku vingine, na kwa muda wa miaka mitano tu kikatoka nafasi ya pili hadi ya kwanza.

Sababu za kupanda huko ni nyingi. Watu wanaishi maisha marefu zaidi na hawaridhiki tena kuketi na maumivu. Madaktari waliofunzwa kazi hii wameongezeka. Picha za skani na programu za kompyuta humsaidia daktari kupanga kazi yake kabla ya kushika kisu, na baadhi ya wagonjwa hurudi nyumbani siku iyo hiyo.

Lakini ni unafiki kulifumbia macho suala la fedha. Kila kiungo kinachowekwa ni bidhaa iliyouzwa, na makampuni yanayovitengeneza hushindania madaktari na hospitali. Pale ambapo kifaa kina faida kwa mgonjwa na kwa muuzaji, ni vigumu kuona mpaka ambapo faida ya mgonjwa inakoma na ya muuzaji inaendelea.

Si kila mfupa unahitaji kisu

Mfano wa wazi ni mivunjiko ya ncha ya juu ya mfupa wa mkono, inayowapata zaidi wazee wanaoanguka nyumbani. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba vipande vikiachana, sharti daktari avirudishe kwa vyuma au aweke kichwa bandia.

Nchini Uingereza, watafiti waliamua kuijaribu dhana hiyo. Wagonjwa 250 kutoka hospitali 32 waligawanywa kwa kura: kundi moja lifanyiwe upasuaji na lingine litundikiwe mkono kwa kitambaa kisha lipewe mazoezi ya viungo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka miwili, hapakuwa na tofauti ya maana baina ya makundi hayo kwa maumivu wala kwa uwezo wa kutumia mkono.

Utafiti huo una mipaka yake. Haukuwahusisha watu ambao bega lilichomoka pamoja na kuvunjika. Aidha, wengi waliopasuliwa walitiwa vyuma vya kuunganisha mfupa, si bega la kinyume, hivyo mjadala kuhusu kifaa hicho kwa wazee waliovunjika bado unaendelea.

Hata hivyo, somo lake ni zito. Tiba iliyokuwa ikitolewa kwa maelfu ya watu, kwa imani kwamba ni bora, ilipopimwa haikuonyesha ubora uliodhaniwa. Na kitambaa cha kutundikia mkono, kikiandamana na mazoezi yanayosimamiwa vyema, kilifanya kazi ambayo wengi waliamini ni ya chumba cha upasuaji peke yake.

Ni vyema kutilia mkazo neno mazoezi. Mkono ukitundikwa shingoni kwa miezi bila kunyooshwa, bega hukakamaa, na mgonjwa akabaki na ulemavu ambao haukusababishwa na mvunjiko bali na kutojali kulikofuata.

Kijana ndiye mwenye hatari kubwa

Swali la pili ni la muda: bega bandia hudumu miaka mingapi? Jibu hutegemea sana umri wa anayewekewa.

Uchunguzi mpana uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia kumbukumbu za zaidi ya upasuaji 58,000 nchini Uingereza tangu 1998 hadi 2017, ulitoa picha inayopaswa kuwekwa mbele ya kila mgonjwa kabla hajatia sahihi. Miongoni mwa wanawake waliopita umri wa miaka 85, ni mmoja tu kati ya 37 aliyetarajiwa kuhitaji upasuaji wa marudio maishani mwake. Miongoni mwa wanaume wa miaka 55 hadi 59, ni mmoja kati ya wanne.

Tofauti hiyo haitokani na umri wa kuishi pekee. Mtu wa miaka 55 angali kazini. Hubeba, husukuma na kuvuta. Kiungo chake hufanya kazi nzito kwa miaka mingi zaidi. Katika bega linalofuata umbo la asili, kisahani cha plastiki ndicho kinachotangulia kulegea. Katika bega la kinyume, matatizo yanayojulikana ni pamoja na kiungo kuchomoka na mfupa wa kombe la bega kupasuka.

Upasuaji wa marudio si kama kubadilisha gurudumu la gari lililotoboka. Mfupa unaobaki ni kidogo kila mara kiungo kinapotolewa, makovu huongezeka, na matumaini ya kupata mkono wenye nguvu hupungua.

Kuna pia adui yule yule aliyemshinda Péan, japo kwa sura nyingine. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes huishi kwenye vinyweleo vya ngozi, na hupendelea sehemu za bega na mgongo. Akiingia kwenye kiungo bandia, hukua polepole, pasi na homa wala uvimbe unaoonekana. Mgonjwa hulalamika tu kwamba bega linauma. Maabara inayotaka kumgundua hulazimika kukuza sampuli kwa takriban majuma mawili, muda ambao wengi hawana subira nao.

Daftari la mataifa

Mambo haya yote yamejulikana kwa sababu kuna nchi zilizoamua kuandika. Sweden ilianzisha sajili ya kitaifa ya magoti bandia mwaka 1975 na ya nyonga mwaka 1979, kisha ya mabega mwaka 1999. Norway ilianza kusajili mabega mwaka 1994. Uingereza, iliyofungua sajili yake ya taifa mwaka 2003, iliingiza mabega na viwiko mwaka 2012.

Kazi ya sajili ni rahisi kuieleza. Kila kiungo kinapowekwa, huandikwa aina yake, nambari yake, hospitali na tarehe. Kikitolewa, huandikwa pia, pamoja na sababu. Baada ya miaka michache, kifaa kinachoshindwa mapema kuliko vingine hujitokeza chenyewe kwenye hesabu, hata kama kila hospitali peke yake ilikuwa imeona wagonjwa wawili watatu tu na ikadhani ni bahati mbaya.

Manufaa yake yalidhihirika kwa nyonga bandia za chuma kwa chuma zilizojulikana kama ASR. Sajili za Australia na Uingereza zilionyesha kwamba nyonga hizo zilikuwa zikishindwa kwa kiwango kisicho cha kawaida, na mwaka 2010 mtengenezaji akaziondoa sokoni kote duniani. Pasi na madaftari hayo, wagonjwa wengine wengi wangeendelea kuwekewa.

Mabega nayo hayajanusurika. Mnamo Januari 2024, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba ilitoa tahadhari kuhusu mabega bandia ya kampuni ya Exactech yaliyofungwa katika mifuko iliyokosa tabaka moja la kuzuia oksijeni. Hewa hiyo ikiifikia plastiki kabla haijawekwa mwilini, huifanya ichakae mapema.

Katika nchi yenye kumbukumbu, tahadhari kama hiyo hufuatwa na barua au simu kwa kila mgonjwa anayehusika. Kusikokuwa na kumbukumbu, mtu huendelea na shughuli zake bila kujua kwamba anayo sababu ya kurudi kwa daktari.

Sura tofauti barani Afrika

Hakuna haja ya Kenya kunakili takwimu za Marekani. Wanaohitaji bega bandia huko ni wazee ambao viungo vyao vimesagika. Humu nchini kuna sababu nyingine ambazo hazina uzito kama huo ng'ambo.

Kwanza ni ajali, hasa za bodaboda, ambazo huwavunja vijana walio katika umri wa kutafuta riziki. Pili ni ugonjwa wa selimundu, ulioenea zaidi katika maeneo yanayopakana na Ziwa Victoria na ukanda wa Pwani. Ugonjwa huo huziba mishipa midogo ya damu, na kichwa cha mfupa kikakosa damu hadi kikafa. Nyonga ndiyo huathirika zaidi, na bega hufuata. Tatu ni kifua kikuu, kilichomfanya Péan ajaribu bahati yake mwaka 1893, na ambacho bado hushambulia mifupa na viungo vya watu.

Tazama basi mkanganyiko uliopo. Kundi ambalo kumbukumbu za Uingereza zinaonyesha kuwa lina hatari kubwa ya kurudi kwenye kisu ni lile la watu wenye umri mdogo. Humu nchini, vijana wa bodaboda na wa selimundu wanaweza kuwa miongoni mwa wa kwanza kufikiriwa. Akiwekewa kiungo akiwa na miaka 30, mtu huyo ana uwezekano wa kuhitaji kurudiwa zaidi ya mara moja, na kila mara gharama hupanda.

Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba Ulaya imethibitisha. Ulaya imethibitisha kwa wazee wake. Kwa kijana wa Kisumu au wa Kilifi, uthibitisho sharti utokane na wagonjwa wanaofanana naye.

Malawi, nchi yenye uwezo mdogo wa kifedha kuliko Kenya, ilionyesha kwamba jambo hilo lawezekana. Mwaka 2005, madaktari wa mifupa nchini humo walianzisha sajili ya taifa ya nyonga na magoti bandia. Idadi ya upasuaji ilikuwa ndogo, na hapo ndipo palipokuwa na hekima: walianza kuandika kabla kazi haijawa kubwa kiasi cha kuwashinda.

Faida mojawapo ni kwamba waliweza kuchunguza jinsi watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wanavyoendelea baada ya kuwekewa nyonga bandia. Hilo ni swali ambalo sajili za Ulaya kaskazini zisingeweza kulijibu ipasavyo.

Wajibu wa serikali na wa mgonjwa

Kenya haianzii patupu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Mnamo Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya hazina ya zamani ya NHIF, na wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yao. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 iliweka msingi wa mfumo mmoja wa taarifa za afya, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda siri za mgonjwa.

Kwa hivyo vipande vya kujengea sajili vipo. Inayolipa ndiyo yenye nguvu ya kudai maelezo. Bima ya umma ikikubali kugharamia kiungo bandia, ni haki yake kushurutisha kwamba aina, nambari na tarehe viandikwe mahali pamoja kabla ya hundi kutoka. Sharti hilo halihitaji jengo jipya wala mashine ya mamilioni.

Idadi ya watu nayo haingoji. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Kenya ilikuwa na watu milioni 47.6, na kati yao takriban milioni 2.7 walikuwa wametimu miaka 60 au zaidi. Kundi hilo litakuwa kubwa zaidi miaka ijayo, na mabega yao yatachakaa kama ya wazee wengine duniani.

Lipo pia suala la Wakenya wanaosafiri kwenda India na kwingineko kutafuta matibabu. Mgonjwa hurudi na bega jipya ilhali karatasi zake zimebaki alikotibiwa. Kiungo kikileta matatizo baada ya miaka kumi, daktari wa hapa hulazimika kukisia ni cha aina gani kwa kutazama picha ya eksirei. Asipokitambua, huenda asipate vifaa vinavyofaa vya kukitolea.

Hapo mgonjwa mwenyewe ana la kufanya. Viungo hivi hutoka kiwandani vikiwa na vibandiko vyenye jina la kifaa, kipimo na nambari ya fungu lake. Nakala ya kibandiko hicho yafaa kudaiwa kabla ya kuondoka hospitalini, iwe ni Mumbai au Nairobi, na kuhifadhiwa pamoja na kitambulisho na hati ya shamba.

Yapo na maswali mengine matatu ambayo mgonjwa na jamaa zake wasione haya kuyauliza. Je, bega hili haliwezi kupona kwa mazoezi na dawa? Daktari atakayepasua hufanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwaka? Na kiungo kikishindwa, nani atakigharamia cha pili? Daktari mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo.

Madaktari nao wana dhima. Ni rahisi kutangaza upasuaji wa kwanza wa aina fulani, na vyombo vya habari hukimbilia habari kama hizo. Ni nadra kwa daktari kurudi baada ya miaka mitano kueleza wagonjwa wale wanaendeleaje. Heshima ya fani ingepanda iwapo habari ya pili ingepewa uzito sawa na ya kwanza.

Hakuna anayeweza kubeza nafuu ambayo bega bandia limewaletea watu. Mtu aliyekuwa halali kwa maumivu amelala, na aliyelishwa kama mtoto amejilisha. Nafuu hiyo ndiyo inayofanya suala la kumbukumbu kuwa zito: kitu chenye thamani kubwa hakistahili kutolewa kiholela.

Tangu platini ya Péan hadi mpira wa Grammont, fundi amekuwa akibadilika na chuma kikaboreshwa. Waliojua kama chuma hicho kilifaa ni wale tu waliokaa chini wakaandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kenya ikianza kuweka mabega bandia kwa wingi pasi na daftari, kitakachopotea ni zaidi ya mali. Ni mkono wa mtu aliyeutegemea kwa riziki yake.